Shule Yenye Ndege Tisa

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi wa ndege aliichungulia fomu ya binti aliyeketi kando yake. "Unakwenda kusomea urubani, mwanangu? Shule ipi?"

"Ya kaskazini, mzee. Ina ndege tisa, nimezihesabu mwenyewe. Leo ndiyo mwisho wa kujiandikisha."

"Chini ya magurudumu uliona nini?"

Binti alikumbuka vizuri. Hakuwa mtu wa kubahatisha. "Nyasi, tena ndefu."

"Basi hizo zinafugwa, hazirushwi!" Fundi akacheka. "Hukupata shule nyingine?"

"Ya kusini ina mbili tu, na sijawahi kuziona. Nimekwenda mara tatu, kila mara naambiwa ziko angani."

Binti akaikunja fomu. Treni iliposimama akashuka, kituo kimoja kabla ya chake, akamuuliza mlinzi treni ya kusini inapita saa ngapi.