Ufunguo wa Profesa Pyo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya, Daktari Bang Ok-gyeong: karibu chumba namba 417. Utuwie radhi kwa vumbi la chaki kwenye koti lako. Humu hatoki mtu msafi.

HISTORIA YETU
Kundi hili lilianzishwa na Profesa Pyo Gyu-seok hapa mjini Daejeon, Korea Kusini, miaka ishirini na sita iliyopita. Tunachunguza nadharia isemayo kwamba kila aina ya chembe ina mwenzi wake mzito ambaye bado hajaonekana. Juu ya hapo sisi tunaongeza kani moja mpya. Chaji za kani hiyo zikijumlishwa lazima zitoke sifuri, la sivyo nadharia imekufa. Kwa hiyo kila asubuhi tunajumlisha ubaoni kwa sauti, na aliyekosea anatununulia keki za mchele za pilipili.

MAFANIKIO
Makala yetu iliyosifiwa kuliko zote tuliiondoa wenyewe jaridani. Tulisahau kuwahesabu wenzi wa chembe za Higgs, zile zinazozipa nyingine uzito, na ulimwengu mzima haukugundua. Profesa aligundua akimenya tufaha.

"Jamani, hii mbona haitoki sifuri?"

Aliyepiga hesabu ile ni Gil Da-on, huyu anayekusomea risala. Alilia mbele ya watu.

"We mtoto, nyamaza," Profesa akamwambia. "Mimi niliipitia mara nne, na miwani nimevaa. Leo keki nanunua mimi."

Barua ya kuiondoa aliiandika yeye, jina lake likiwa la kwanza. Tunampenda sana mzee huyu, na leo tunalisema akiwa anasikia.

CHANGAMOTO
Chembe tunazozitafuta hazijaonekana, na jamaa wa maabara za ghorofa ya chini hutuuliza, "Nyie bado mpo tu?" Hilo tumelizoea. Lakini Profesa ametimiza miaka sitini na mitano, na kanuni inamtaka astaafu na kukabidhi ufunguo wa chumba hiki leo. Anajitapa kwamba atalima figili. Tunamjua; figili hizo zitakufa kwa kiu.

OMBI
Hatuombi kompyuta. Tunaomba meza ya dirishani ibaki yake. Jana tulijumlisha bila yeye, tukapata sifuri mara tatu, na hakuna aliyethubutu kuiamini.

Risala hii ikiisha, atasimama akupe ufunguo kwa mikono miwili. Tunakuomba, Mkurugenzi, usiupokee.

Uwe na afya na moyo mweupe, wewe na wa nyumbani kwako.

Ni sisi wako,
Kundi la Nadharia, chumba namba 417