Mzee Kamis Anaingia Ndani ya Nyumba Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ushirika wa Nyumba Makazi Mema, Mzee Kamis Nasif anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Juni, miaka miwili kabla ya wakati wake. Wanaodhani amechoka hawamjui. Anastaafu ili aiokoe nyumba yake.

Alianza kama mlinzi wa lango hapa Nsambya, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa nyumba, wa pekee tuliyewahi kuwa naye. Aliwashughulikia wanachama waliochukua mkopo wa nyumba ya pili. Sharti letu ni kwamba mkopaji akae humo mwenyewe, angalau mwisho wa wiki, si kuipangisha kisha kutulilia shida. Kwa hiyo kila mwaka mkaguzi hufika bila taarifa na kubisha hodi, na mkopaji mwenyewe ndiye anayepaswa kumkaribisha. Asiyeonekana hubandikiwa ilani mlangoni. Ikifika ilani ya tatu, nyumba inauzwa.

Hakuna aliyeweza kumlaghai. Mkopaji mmoja, Bwana Odyek, alimwonyesha kitanda kilichotandikwa, viatu, hata picha ya harusi. Mzee alikwenda moja kwa moja bafuni, akagusa mswaki, akaukuta mkavu, akabandika ilani. Tangu hapo baadhi ya wanachama hulowesha miswaki yao kila Jumamosi, na meno yao ni yale yale.

Kisha akakopa mwenyewe. Nyumba yake ya urithi kule Namuwongo imejaa ndugu, mashemeji, na wageni waliokuja kwa harusi ambayo maharusi wake sasa wana watoto wa shule. Yeye na mkewe, Bi Rukiah, walitaka tu mahali pa kuzungumza bila kusubiri zamu. Walipata vyumba viwili vya chini huko Bugolobi, na Bi Rukiah akapanda mchaichai chini ya dirisha kabla hata ya kutundika pazia.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi ni mmoja, naye ni Kamis. Akavaa tai, akaenda, akabisha hodi mlangoni pake. Bi Rukiah aliitikia, lakini sharti linamtaka mkopaji, na mkopaji hakuonekana ndani. Mzee akajibandikia ilani.

Mwaka uliofuata alijaribu wepesi. Alibisha hodi, akazunguka mbio, akaingia kwa mlango wa jikoni na kufungua ule wa mbele huku akihema. Nje hapakuwa na mkaguzi. Alisikitishwa sana na wageni wasio na subira, kisha akatoka kubandika ilani ya pili.

Mwenyekiti wetu, Bwana Odera, alimsihi aandike tu kwamba alimwona mkopaji asubuhi kwenye kioo. Akakataa, kwa kuwa kioo hicho kiko Namuwongo, na huo ungekuwa ushahidi dhidi yake. Tukamwomba amtume mwingine, akajibu kwamba maadamu yeye ni mkaguzi, hodi ni yake. Tulicheka, lakini tuliogopa kwelikweli. Ilikuwa imebaki ilani moja, na Bi Rukiah alikuwa ameanza kupanga vyombo kwenye maboksi.

Bi Rukiah ndiye aliyemaliza mjadala. Siku moja alimkuta mumewe uani akipima tena umbali wa kutoka mlango hadi mlango, akamwambia kupitia dirishani: "Baba Latifah, kazi iko nje, nyumba iko ndani. Wewe chagua moja tu." Kesho yake Mzee alikuja ofisini akaomba kustaafu.

Mzee Kamis, asante kwa uaminifu wako, hata pale ulipotutia wazimu. Tunakupenda, na ofisi itapooza bila wewe. Nafasi yako inachukuliwa na Bi Moreen Aoko, uliyemfunza mwenyewe, naye hana huruma hata chembe. Wewe na Bi Rukiah tunawaombea afya, utulivu na mazungumzo marefu yasiyokatizwa na mtu. Sheria inatukataza kukutajia siku ambayo Aoko atapita.

Jumatatu usitoke.