Nilivyomtafsiria Mama Aikande

Kaeni wote mnisikie, Lukelo na Yosefina wanangu, na wewe Dorika, binti wa marehemu rafiki yangu Remigius, usisimame mlangoni kama mgeni, vuta kigoda. Pumzi niliyo nayo ni ya leo tu, daktari hakunificha, lakini msinitazame kwa nyuso hizo za msibani, kwa sababu mimi Kelestini leo nina furaha kuliko siku niliyooa! Mama Aikande yuko Ifakara, anagombea urais kwa mara ya pili, saa kumi anapanda jukwaani, na atakayewatafsiria kwa Kindamba wazee wa mstari wa mbele ni binti yangu wa kumzaa.

Nianze na mali, maana si nyingi. Nyumba hii ni ya Yosefina. Eka tatu za Malinyi ni za Lukelo, pamoja na pampu, na yule ng'ombe mkorofi pia mchukue, mmefanana tabia. Shamba la Katindiuka nimeliacha la mwisho, na najua, Lukelo, hilo ndilo unalolisubiri, maana umeshachimba msingi wa nyumba pale. Tulia kwanza.

Asubuhi nimekusikia ukimwambia dada yako alainishe maneno. Masikio yangu bado mazima! Umesema mgombea anayewaambia watu kwamba hali ya uchumi ni mbaya anajichimbia kaburi, kwa hiyo mkalimani amsaidie kwa kutia sukari kidogo. Mwanangu, kuhusu kura hukukosea. Nakwambia hukukosea hata kidogo, kwa sababu miaka mitano iliyopita mkalimani nilikuwa mimi, na sukari niliitia kwa mikono yote miwili.

Uwanja ulijaa, na kila mtu mpunga wake umelala kwenye magunia mashineni akingoja bei ipande baada ya Krismasi, kama tunavyofanya miaka yote, mama wa watu akashika kipaza sauti akasema: "Ndugu zangu, mchele wa nje uko njiani, serikali haina fedha ya kununua wenu, na hata mkinichagua mimi, mwaka wa kwanza sitaweza kuipandisha bei. Uzeni sasa, msiweke mpunga mkinisubiri." Watu wakaanza kuguna. Nami nilimpenda yule mama, nilitaka ashinde, nikaona kura zinamponyoka hivi hivi, basi nikawageukia wazee nikasema kwa Kindamba kwamba mama anasema wekeni mpunga, akiingia Ikulu tu bei inapanda. Jamani, makofi! Vigelegele! Remigius akarusha kofia juu kama kijana. Na hata wale waliokuwa wamesikia vizuri Kiswahili chake waliamini yangu, wakanong'onezana kwamba mwanasiasa hawezi kumwaga siri yake mbele ya kila mtu, lile la kweli amewapa wazee kwa lugha ya nyumbani.

Kituo chetu kikampa kura mia mbili na kumi. Mngeta, alikosema maneno yale yale bila mkalimani, walimpa kumi na moja. Nchi nzima akashindwa, lakini hapa nilitembea kifua mbele. Sasa sikilizeni jambo ambalo hata marehemu mama yenu sikumwambia. Kesho yake, baada ya mkutano ule, wenzangu wakizidi kupeleka magunia, mimi nilikwenda mashineni nikauza mpunga wangu wote mpaka punje ya mwisho, kwa sababu nilikuwa nimemsikia yule mama, na nilimwamini. Mmenielewa? Nilimwamini!

Bei ikaporomoka kama alivyosema. Januari, watu wanaingia mashambani, Remigius hakuwa na fedha ya trekta wala ya mbegu wala ada ya Dorika, akaamua kuuza shamba lake la Katindiuka, na mwenye fedha alikuwa nani? Akaja hapa hapa, akanibembeleza, nikalichukua kwa nusu ya thamani yake, naye akanishika mikono akanishukuru, na mpaka anakufa alikuwa akisema Kelestini ndiye aliyemwokoa.

Dorika, shamba lile ni lako. Barua iko kwa mwenyekiti wa mtaa, nimeshaweka dole gumba mbele ya mashahidi. Lukelo, keti! Keti, baba. Msingi wako umeuchimba kwa watu, chukua tofali zako, na usithubutu kumburuza huyu binti mahakamani.

Nipeni maji... Basi. Yosefina, hebu waambie ulichokiona jana Mngeta, au niache niseme mwenyewe, nafurahi kukisema. Safari hii watu wa Mngeta wamejaa mpaka barabarani, hawakupiga makofi wala nini, walimwuliza Mama Aikande maswali! Mwanamke mmoja akasimama akasema, mama, mara ile hatukukupa kura lakini mpunga tuliuuza, sasa tuambie, mwaka huu tuuze au tuweke? Mnaona ajabu hiyo? Sijui kama watampa kura. Huenda akashindwa tena, na Lukelo atanicheka kaburini. Lakini wamerudi kumwuliza, na sisi huku hatuna wa kumwuliza, maana watu wanaamini ni yeye aliyesema wekeni mpunga, kwa sababu yangu.

Dorika... unakwenda wapi? Dorika, mwanangu! Mwacheni. Msimfuate, Yosefina, msimshike mkono, wala msimwombe anisamehe kwa niaba yangu. Nilidhani atalia, nilidhani atakaa. Barua ile mpelekeeni kesho hata kama hatafungua mlango.

Nizikeni Malinyi, karibu na mama yenu, bila hotuba ndefu. Mungu awape afya, awape watoto wasiowaogopa, awape mvua kwa wakati wake na... ngoja, nipumue... na mkae pamoja, ninyi wawili. Nimewabariki. Yosefina, muda umekwenda, wahi uwanjani. Umeona alivyoondoka yule? Nao wataondoka hivyo hivyo ukiwapa maneno ya mama bila sukari, tena mbele yako, wazee wazima, na kofia zao. Wewe tafsiri. Hata akibaki mmoja, mtafsirie... yote.