Neno "Zima" Lisitamkwe Dukani

Sogeeni, wanangu, mmoja kulia na mmoja kushoto kama mlivyojizoesha, mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Duka la ufundi nawaachia wote wawili. Siligawi, wala nisisikie huko ninakokwenda kwamba kifungua mimba kachukua mita ya kupimia umeme na kitinda mimba kachukua meza, kwa sababu mita bila meza ni pambo, na meza bila mita ni hatari.

Sharti langu ni la maneno. Atakayekuja kujifunza kazi, mfafanulieni kila neno kabla hajashika bisibisi. Mwambieni volti ni msukumo, yaani nguvu inayousukuma umeme. Mkondo ni umeme wenyewe unapopita. Rezista ni kizuizi tunachokiweka makusudi ili mkondo usizidi kiasi. Akisema "volti zinapita", mrudisheni mwanzo, hata akinuna. Asiyetofautisha msukumo na kinachosukumwa ataunguza redio za watu huku akiapa kwamba alipima.

Na neno "zima" lisitamkwe tena dukani mwangu. Mnajua sababu, ndiyo maana mmeinama. Siku ile ya amplifaya, jenereta ya jirani ikinguruma, wewe binti yangu uliuliza kutoka nyuma, "Imezima?", ukimaanisha swichi kuu. Wewe kijana ulikuwa na spika mkononi, ukasikia "Ni nzima?", ukajibu kwa furaha, "Nzima kabisa, dada!" Dada yako akashika waya. Vidole vyake viwili havikunjiki hadi leo. Dada mtu akasema, "Mdogo wangu alitaka kuniua arithi peke yake." Mdogo mtu akasema dada ana masikio ya mapambo. Tangu hapo mnasalimiana kupitia kwangu, kana kwamba mimi ndiye waya. Nimelipima jambo hili kama ninavyopima saketi, bila kupendelea upande, na sikuona mbaya kati yenu. Neno moja lilibebeshwa mizigo miwili: kilichokatwa umeme na kisicho na kasoro. Kuanzia leo cha kwanza semeni "nimekata umeme", cha pili semeni "kinafanya kazi". Ni maneno marefu, lakini vidole ni vifupi.

Kuna pia kapasita. Kapasita ni kifaa kinachotunza umeme, na hutunza hata plagi ikishachomolewa, ndiyo maana mgeni wa kazi huumizwa na kitu alichodhani kimetulia. Umeme huo huondolewa polepole, kupitia rezista, si kwa kuupiga bisibisi kwa hasira. Kinyongo chenu nacho kiondoeni hivyo hivyo. Kimeniuma, sitaficha. Feni hii juu ya kitanda imesimama tangu mvua za mwaka jana, kwa kuwa mmoja lazima akae kwenye swichi kuu na mwingine apande ngazi, na hakuna anayemwamini mwenzake. Mafundi wawili nyumba moja, na baba yao anapepewa kwa gazeti.

Maji kidogo... Basi, yanatosha.

Kijana, nenda kwenye swichi, pale mlango wa jikoni. Binti, ngazi hiyo hapo, chukua na mita. Usiguse kitu mpaka akuambie. Mungu awape mikono yenye subira... na ndimi zinazoeleweka. Mkimaliza mkanikuta nimelala, na majirani wakauliza kama baba yenu mzima, wajibuni kwa sentensi kamili.

Haya... Sijasikia, mwanangu. Usiniambie mimi. Mwambie dada yako... Kwa sauti.

Naam. Amekata umeme. Umemsikia, binti? Mjibu... Mjibu yeye.

Pima kwanza.

Haya, mama... shika waya.