Maisha ya Sista Nawa, Muuguzi wa Shule

Ndugu, majirani, walimu na wazazi mliofika kumsindikiza: dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Sista Nawa, kwa sababu ukigusa mlango wake, uwe wa ofisini au wa nyumbani, neno la kwanza kusikia lilikuwa hilo: nawa kwanza. Mumewe, shemeji yetu, alipomleta mjomba wake kutusalimia, mzee wa watu alinyoosha mkono kwa furaha, akaelekezwa bombani. Alinawa. Hadithi hiyo anaisimulia yeye mwenyewe mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo tu ya barabara, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1977 akaingia chuo cha uuguzi. Siku za mwanzo wodini aliona damu akazimia. Alipozinduka, mkufunzi alimwambia mbele ya wenzake kwamba labda kazi ya karani ingemfaa zaidi. Mwisho wa wiki alirudi nyumbani, akajifungia chumbani. Mama akagonga.

"Umefukuzwa?"

"Bado."

"Basi toka ule."

Alitoka, akala, akarudi chuoni. Alizimia mara nyingine tena, safari hii akiwa ameegemea ukuta ili asianguke vibaya. Alihitimu mwaka 1980 na kupangiwa wodi ya watoto.

Wodini ndiko alikokutana na mumewe, fundi wa majokofu aliyeitwa kutengeneza friji la chanjo, akajikata kiganja kwa bati. Dada alimsafisha, akamfunga bandeji, akamwambia arudi kubadilishiwa. Fundi alirudi. Akarudi tena. Kidonda kilipona yeye bado anarudi, mpaka dada akamuuliza, "Kaka, leo umekuja na kidonda gani?" Walifunga ndoa Desemba 1984, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1991 alihamishiwa shule ya msingi alikofanya kazi mpaka kustaafu. Chumba chake kilikuwa karibu na bomba: kitanda kimoja, mizani, kabati la dawa lenye kufuli, na dirisha lililotazama geti. Kupitia dirisha hilo aliwaona watoto wakishushwa asubuhi, na wapo aliowajua ni wagonjwa kwa jinsi walivyobeba begi tu. Kila mwanzo wa muhula alisimama mbele ya wazazi na kusema mambo yaleyale. Mtoto mwenye homa abaki nyumbani mpaka apitishe siku nzima bila homa, na bila dawa ya kuishusha. Anayetapika au kuharisha asiletwe. Dawa yoyote iletwe na mzazi mwenyewe, mkononi, isifichwe kwenye begi. Na ugonjwa wa mtoto usifichwe kwa kuona aibu.

Hakupendwa na wote. Mama mmoja, muuzaji wa dukani, aliitwa kumchukua mtoto aliyekuwa anaungua kwa homa katikati ya somo. Alifika akihema, sare ya kazi bado mwilini.

"Asubuhi alikuwa mzima, Sista."

"Asubuhi alikuwa na dawa."

Machozi yakamtoka mama yule. "Nikikosa kazi leo naachishwa. Wewe unadhani napenda?"

"Sidhani. Lakini ile dawa ya alfajiri inaisha makali kabla ya mapumziko, na wakati huo ameshakaa na wenzake dawati moja. Anayekaa jirani yake ana moyo mgonjwa. Mama yake naye ana kazi."

Jioni ile alimwambia mumewe kwamba alikuwa amesema sawasawa na bado alijiona mkatili. Kwa hiyo masharti aliyaandika kwa uangalifu, akayabandika ukutani, ili mzazi agombane na karatasi na si na mtu. Sharti moja lilisema: dawa ya mtoto mmoja haitapewa mtoto mwingine. Lingine lilisema: hakuna dawa bila ruhusa ya mzazi. Aliyaamini yote mawili.

Machi 2009, siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, mwalimu wa zamu aliingia akiwa amembeba binti wa darasa la nne, mgeni pale shuleni. Alikuwa ameumwa na nyuki bombani. Nyuki mmoja tu. Dada alipomwangalia alijua hapohapo kwamba jambo si dogo. Midomo ilikuwa imevimba, mwili umetoka mabaka, na kila pumzi ilikuja na mlio kama wa filimbi iliyozibwa. Sauti ya mtoto ilikuwa inakauka huku akiisikia.

"Mpigie baba yake," alimwambia mwalimu.

Simu ya baba ilikuwa imezimwa. Baba alikuwa dereva wa lori, na namba nyingine haikuwepo. Gari la wagonjwa lilipopigiwa, aliyepokea alisema lipo upande wa pili wa mji.

Kabatini kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumfaa mtoto yule: sindano ya dharura, ile yenye umbo la kalamu, ya kufungua koo mwili unapokataa sumu. Haikuwa ya shule. Ilikuwa ya mvulana wa darasa la sita mwenye aleji kali ya karanga. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameihangaikia kwa miezi mpaka akaletewa na ndugu aliye ng'ambo. Ilikuwa moja. Ikitumika imetumika.

Dada alifungua kufuli. Mwalimu wa zamu, ambaye yupo hapa nasi, anasema mkono wake ulisimama mbele ya sindano ile, na midomo yake ikawa inatembea kama mtu anayesoma. Sharti alilolibandika mwenyewe lilikuwa ukutani, usawa wa macho yake. Mtoto akakoroma. Dada alimwinua kidogo kukisia uzito, akamrudisha, akamchoma pajani juu ya sare, akashikilia.

Kisha akasema maneno ambayo mwalimu hakuyaelewa mara moja. "Mtafute yule mvulana wa darasa la sita. Mtoe kwenye foleni ya chakula sasa hivi. Akae kwa mwalimu mkuu, asile kitu mpaka mama yake aje. Kimbia."

Pumzi ya binti ilifunguka. Mwalimu wa hisabati alileta gari lake, wakaondoka. Dada alijua kwamba nguvu ya sindano huweza kuisha kabla shida haijaisha, na kwamba mikononi hana kitu kingine. Njiani walikwama nyuma ya magari. Honi ilipigwa, hakuna aliyesogea.

"Sista," binti akasema, "koo linabana tena."

"Niangalie mimi. Usilale. Mwalimu, panda ukingoni!"

"Kuna watu, Sista!"

"Watapisha!"

Walipisha. Gari lilipita nusu barabarani, nusu kwenye njia ya waenda kwa miguu, wachuuzi wakivuta meza zao na kutukana. Pale mapokezi ya hospitali dada hakusubiri foleni. Aliingia na mtoto mikononi akitaja alichomchoma na lini. Walimchoma ya pili. Dada alikaa sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga simu shuleni kuuliza habari za mvulana. Alikuwa salama, amekasirika kwa njaa.

Baba wa binti alifika jioni. Hakusalimia. "Nani alikuruhusu kumchoma mwanangu dawa ya mtu mwingine?"

"Hakuna."

"Na kama ingemuua?"

"Ningekuwa mimi niliyemuua," dada alisema.

Lakini mtu ambaye dada alimwogopa hasa ni yule fundi cherehani. Asubuhi iliyofuata alikuja, utepe wa kupimia bado shingoni, akasimama mbele ya kabati lililo wazi.

"Nilikupa wewe. Mkononi. Ulisema itakaa hapa ikimsubiri mwanangu."

"Nilisema."

"Jana wanagawa chakula, mwanangu hana kinga. Ungemfanyia nini?"

"Nisingekuwa na la kumfanyia."

"Kwa hiyo ulichagua."

"Ndiyo, mama. Nilichagua aliyekuwa anakufa mbele yangu."

"Mimi siwezi kukwambia asante," fundi cherehani akasema, akaondoka na mwanawe. Mvulana alikaa nyumbani mpaka sindano nyingine ilipopatikana, na shemeji yetu ndiye aliyezunguka maduka ya dawa, mji hadi mji, kuitafuta.

Dada alisimamishwa kazi kusubiri kikao cha kamati ya shule. Zilikuwa siku ngumu nyumbani. Alifua nguo zilizokwisha fuliwa. Usingizi alikuwa haupati, na chakula alikizungusha sahani nzima. Mumewe alimwambia akaseme tu kwamba alichanganyikiwa, watamwelewa. Alikataa. "Sikuchanganyikiwa. Nilijua kabisa."

Kikaoni mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza kwa upole, "Sista, sharti hili si uliliandika wewe?"

"Niliandika mimi. Nikalivunja mimi. Na mkinirudisha, hali ikiwa ileile, nitalivunja tena. Ndiyo maana naomba ofisi iwe na sindano yake yenyewe, isiyo ya mtoto yeyote, ili muuguzi atakayekuja asisimame pale niliposimama."

Mjumbe mmoja alisema haiwezekani: mtoto akidhurika, nani atajibu? Mwingine akaunga mkono. Ilionekana mambo yanakwenda mrama. Hapo fundi cherehani, aliyeitwa kama mlalamikaji, akasimama.

"Mimi sikuja kumtetea huyu. Hasira yangu iko palepale. Lakini nawauliza nyinyi mnaosema nani atajibu: ile Jumanne, mwanangu angekula karanga baada ya sindano kutumika, nani kati yenu angejibu?"

Kamati ikakubali. Sindano ya akiba ilinunuliwa muhula uleule, walimu wakafundishwa kuitumia, na wazazi wakaanza kuulizwa kila mwaka kuhusu aleji na namba ya simu ya mtu wa pili. Dada alirudishwa kazini akiwa na onyo la maandishi, na onyo hilo aliliona la haki. Watoto wote wawili walikua. Baba dereva alirudi siku moja, akasimama mlangoni. "Nilikuwa na hasira, Sista." "Usingekuwa nayo ningekushangaa," dada akamjibu, na wakacheka, wote wawili wakifuta macho.

Fundi cherehani na dada hawakuwa marafiki. Ila kila muhula, mpaka mvulana alipomaliza, mama yule alileta sindano mwenyewe, akaiweka kwenye kiganja cha dada na si juu ya meza. Leo amekuja. Tulipomuuliza tumtaje vipi, alisema: mtajeni kama mzazi.

Dada alistaafu Mei 2018. Mwili ulianza kuchoka mwaka jana. Miguu ilivimba, ngazi zikawa ndefu, na yeye aliyewafokea wazazi kwa kuficha magonjwa akaanza kuvaa viatu vya mumewe ili tusione. Binti yake wa kwanza aliviona.

"Mama, mzazi angekuletea mtoto hivi ungemwambia nini?"

"Ningemfokea."

"Basi jifokee, tuondoke."

Daktari alikuta moyo umechoka kusukuma damu. Dada alimwomba amwambie kama anavyomwambia mwenzake wa kazi, na aliambiwa. Hakuficha hofu yake. Alimwambia mdogo wake kwamba anaogopa kukosa pumzi kuliko anavyoogopa kufa, kwa sababu alishaona hali hiyo ilivyo. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho pumzi zilimpa taabu kweli, na sisi tuliokaa pembeni tulihesabu kila moja kwa woga, tukimwita nesi kwa jambo lolote. Alhamisi tarehe 13 Februari mchana alitulia. Aliuliza kama wajukuu wamekula, akaomba mto ugeuzwe upande wa baridi. Mumewe akaugeuza. Alishusha pumzi ndefu, nyepesi, isiyo na mlio. Tulingoja nyingine, haikuja.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja na mtoto wa kiume, wajukuu watano, kaka mmoja, wadogo zake wawili, mawifi, mashemeji, na mjomba aliyenawa. Ameacha pia watu wazima wengi waliowahi kulala kwenye kitanda kile kimoja karibu na bomba, ambao hatuwezi kuwataja wote.

Mungu ampokee dada yetu, na pumziko alilotuhimiza sisi bila yeye kulichukua, sasa alipate lote.