Nilimwita Wifi Yangu Mchawi, Kumbe ni Sukari ya Mtindi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlio wepesi wa kumsikia, na asifiwe hata na sisi ambao mpaka tuvunje kitu ndipo tunasikia.

Mnanijua. Mimi ni Mwalimu Basilisa, mke wa Martini. Nilizaliwa Dirma, nikaolewa hapa Gehandu, na watoto wenu wengi wamepita darasani kwangu. Leo asubuhi mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akasema, "Mwalimu, umekuwa msichana! Toa ushuhuda jinsi Bwana alivyokupunguza." Nitautoa. Lakini ndugu zangu, sikuja kushuhudia kiuno. Nimekuja kwa aibu, na wengine wenu aibu hii mnaijua kwa sababu mlikuwapo.

Nilikuwa mnene. Si unene wa kusifiwa kwamba mume ananitunza. Nilikuwa naumwa. Kile kimlima kutoka barabarani mpaka shuleni nilikuwa nakipanda kwa vituo vitatu, na watoto wadogo wananipita wakisema "shikamoo mwalimu" huku wanacheka kwa mkono mdomoni. Siku moja nilichungulia dirishani nikamkuta binti wa darasani kwangu anawaigizia wenzake ninavyotembea. Sikumchapa. Nilirudi ofisini nikakaa, nikalia.

Magoti yalianza, presha ikafuata. Daktari mjini akaniambia bila kuzunguka, "Mwalimu, punguza uzito. Dawa peke yake haitoshi." Nikatoka pale nimeapa.

Mwalimu mwenzangu akaniingiza kwenye kundi la simu la akina mama wanaopunguza uzito. Kulikuwa na mshauri ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Akasema acheni ugali wa jioni, kuleni mtindi mzito wa Kigiriki, unashibisha na una nguvu ya maziwa. Sasa ndugu zangu, neno hilo lenyewe halikuwa baya. Ubaya niliuongeza mimi. Niliununua ule wa kawaida, nikauonja, nikaona ni mchachu tu kama mgando wa nyumbani. Nikasema siwezi kunyimwa ugali na bado nile kitu kichachu! Nikachukua wa ladha. Stroberi, vanila, embe. Juu ya kikopo pameandikwa "mafuta kidogo," nami nikaona hapo ndipo pona yangu.

Katesh kuna duka lenye friji, nikawa mteja wao. Kikopo kimoja asubuhi, kimoja saa nne mapumziko, kimoja nikitoka shule, kimoja badala ya chakula cha jioni. Nilikuwa nakila ofisini kwa kijiko kidogo, taratibu, ili walimu wenzangu wanione. Wakinikaribisha makande nasema, "Ahsanteni, mimi siku hizi sili." Sili! Na nilikuwa naamini.

Mwezi wa kwanza mizani ikapanda. Nikasema ni mwanzo. Mwezi wa pili ikapanda tena. Nikafunga na kuomba siku tatu, na siku ya nne nikafungulia kwa stroberi. Ikapanda. Kwenye kundi wenzangu wanatuma picha za nguo zilizolegea, mimi nashonea gauni langu vipande ubavuni. Ndugu zangu, moyo wa mtu anayejitahidi bila kuona matunda huanza kutafuta mwizi.

Na hapa ndipo nawaambia habari za Yuliana.

Yuliana ni dada mkubwa wa mume wangu, wifi yangu. Mjane, watoto wake wote wawili walitangulia. Baada ya mazishi ya mume wake alirudi kwao, akajengewa chumba uani kwetu, akawa na ng'ombe wake mmoja mwekundu. Kila Jumatano na Jumamosi alituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Watoto wangu wamekua na maziwa yale. Nilipojifungua mtoto wa mwisho nikashindwa kuamka, ni Yuliana aliyenifulia nguo za damu, bila kinyongo, bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa nikipokea kile kibuyu nasema ahsante wifi, nawapa watoto, nami nafungua kikopo changu.

Akaja mhubiri mgeni, akapiga hema karibu na uwanja wa mnada. Nikaenda kuombewa. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Mama, unene huu si wa kawaida. Kuna kitu kinaingia nyumbani kwako kupitia mkono wa mtu wa karibu." Hayo tu. Hakutaja jina, wala hakutaja maziwa. Jina nililitaja mimi, moyoni mwangu, kabla sijafika barabarani. Nikasema, nani anaingiza kitu nyumbani kwangu mara mbili kwa wiki? Nani hana mtoto, nami nina watoto wanne?

Mniwie radhi, sasa nawaambia nilichofanya.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Akina mama watano wa jumuiya walikuwa uani kwangu, tunapanga maandalizi ya harusi. Yuliana akaja na kibuyu chake. Alikuwa amejifunga khanga ya kijani, baridi ya mlimani ilikuwa kali. Akasalimia wote. Nikakipokea kile kibuyu kwa mikono miwili kama ilivyo heshima, nikakigeuza, nikamwaga maziwa yote chini, mbele ya miguu yake.

Nikasema, "Yuliana, umeniroga vya kutosha. Nimeshajua."

Hakupiga kelele. Aliyatazama yale maziwa yanavyoingia udongoni, akasema, "Mwalimu, haya ni ya ng'ombe yule yule. Wanao wameyanywa tangu wanaota meno."

Nikamjibu, "Ndiyo maana hawakui vizuri!" Uongo mtupu! Watoto wangu walikuwa na afya kuliko wa mtu yeyote kijijini.

Akamtazama mdogo wake, mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni. Martini akainamisha kichwa. Martini yuko hapa, ameniruhusu niseme hili. Aliinamisha kichwa, akaingia ndani.

Mnajua kilichofuata. Neno lile halikukaa uani kwangu. Wiki ile ile hakuna aliyetaka maziwa ya Yuliana. Akipita, mama anamwita mtoto wake arudi ndani. Humu humu kanisani alikaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Jumapili tatu alikaa hivyo, na mimi nilikuwa kwenye kwaya, namwona, naimba! Jumapili ya nne hakuja. Alimfunga ng'ombe wake kamba, akatembea naye mpaka Getanuwas kwa binti wa mama yake mdogo. Mguu wake humsumbua, lakini alitembea. Ng'ombe akafa kule kabla ya masika. Nilipoletewa habari nilisema, "Mungu ameanza kujibu."

Nilisema hivyo, ndugu zangu. Kwa mdomo huu unaopokea meza ya Bwana.

Lakini sasa, Yuliana ameondoka, kibuyu chake kimeondoka, na mimi naendelea kunenepa! Nikaongeza maombi. Nikaongeza na mtindi. Magoti yakakataa kabisa, nikawa nafundisha nimekaa. Siku moja kichwa kikanigonga darasani mpaka ubao nauona mara mbili, wakanipeleka zahanati kwa pikipiki.

Muuguzi wa pale ni dada kutoka Tanga, anaitwa Rehema, ni Mwislamu. Akanipima presha, akatikisa kichwa. Akaniuliza, "Mwalimu, unakula nini?"

Nikasema, "Dada, mimi sili. Mtindi tu." Nikafungua mkoba nikamtolea, maana nilikuwa natembea nacho.

Akakigeuza kile kikopo, akasoma ubavuni, pale kwenye maandishi madogo ambayo mimi mwalimu, ninayelipwa kufundisha watoto kusoma, sikuwahi kuyasoma. Akauliza, "Vingapi kwa siku?"

"Vinne. Siku nyingine vitano."

Hakunigombeza. Akavuta bakuli la sukari kwenye meza yao ya chai, akachukua kisahani, akaanza kupima. Kijiko kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Akanisogezea kisahani. "Hii ni ya kikopo kimoja. Kidogo hapa ni utamu wa maziwa yenyewe, huo umo katika maziwa yote. Lakini nyingi wameongeza kiwandani. Sasa zidisha mara nne, mwalimu, halafu uniambie huli."

Nikamwambia, "Lakini wameandika mafuta kidogo!"

Akasema, "Mafuta kidogo, ndiyo. Hawajakudanganya. Wameandika na sukari, hii hapa."

Nikakitazama kile kisahani. Ndugu zangu, mimi nyumbani chai nilikuwa nimeacha kutia sukari! Nilikuwa najisifu kwa hilo! Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na mgando? Ule wa nyumbani, wa kibuyu?"

Rehema akacheka kidogo. "Mgando usio na sukari? Mwalimu, ungekunywa huo, ungekufaa. Una mtu wa kukuletea?"

Nilianguka pale kwenye kiti cha wagonjwa nikalia mpaka akafunga mlango. Alidhani nalilia afya yangu.

Hiyo ndiyo siku niliyofunguliwa. Hakukuwa na kigoma wala kelele. Bwana alitumia binti wa dini nyingine na kijiko cha chai. Na nilipofunguliwa sikuona furaha, niliona udongo wa uani kwangu umelowa maziwa.

Rehema alinieleza yote. Kwamba si mtindi peke yake, ni na chapati za ofisini, ambazo nilikuwa nakula bila kuzihesabu, na kukaa kwingi. Kwamba sukari inahesabika hata ikiwa ndani ya kitu kinachoitwa cha afya, na mtu anayetaka kupungua asome ubavuni mwa kikopo, asitazame picha ya juu. Nikaacha vya ladha. Nikarudi kwenye maziwa mgando matupu, ugali kidogo, mboga nyingi, na kutembea asubuhi. Mwili ukaanza kushuka polepole. Leo mnanisifu. Kila sifa yenu ni msumari, kwa sababu kila kilo iliyotoka inasema Yuliana hakuwa na kosa.

Tulikwenda Getanuwas, mimi na Martini. Tulimkuta amekaa kizingitini anachambua maharage. Amekonda. Nikapiga magoti nikasema, "Shikamoo wifi." Akamaliza kuchambua maharage yaliyokuwa kiganjani, halafu akasema, "Marahaba." Nikamweleza yote, kikopo, kijiko, kisahani. Nikamwomba msamaha. Martini alilia kama mtoto. Nilikuwa nimembebea sukari, unga na mafuta ya kupikia, kama tunavyofanya. Akavitazama.

Akasema, "Basilisa, nimekusamehe, kwa sababu Mungu ameniagiza. Lakini vitu vyako rudi navyo. Kitu cha kula kutoka mkononi mwako sitakipokea, wala wewe hutapokea changu. Hilo tulimalize."

Nikamwomba arudi nyumbani. Akaendelea kuchambua maharage. Halafu akasema neno ambalo limenisimamisha hapa leo: "Uliniita mchawi mbele za watu. Toba umeniletea kizingitini, hapa hakuna mtu. Irudishe kule ulikopeleka lile neno."

Basi, nimeirudisha. Akina mama watano mliokuwa uani kwangu, mko humu, nawaona. Ninyi mlioacha nafasi kwenye benchi, mko humu. Sikilizeni, na mkawaambie watoto wenu: Yuliana hakuniroga. Hajamroga mtu yeyote. Mimi nilikula sukari kwa hiari yangu, kwa kijiko kidogo, nikamtafuta wa kumbebesha, nikamkuta mjane.

Namshukuru Mungu kwa uhai, kwa magoti yanayopanda mlima sasa, kwa muuguzi aliyenisomea. Nakusihi wewe unayehangaika na ugonjwa usioelewa, mtumaini Bwana, naye haogopi zahanati wala maandishi madogo. Kabla hujasema kuna mkono wa mtu, angalia kwanza mkono wako umebeba nini. Na kama umeshasema, kimbia ukaseme tena, wakati uliyemsema bado anasikia.

Jumamosi mimi na Martini tunakwenda Getanuwas kumwambia kwamba nimesema. Hatubebi chakula. Sijui kama atatukaribisha ndani. Nani kati yenu ana neno la kumwambia Yuliana? Tutaondoka saa moja asubuhi, kwa miguu, kama alivyokwenda yeye.