Habari ya Oili Iliyovuja, kwa Bi Mboni wa Visiga

Mgeni rasmi, Bi Mboni binti Jumbe, mwenye mashine, Mzee Mwinyimadi, wazee wetu, na nyinyi watoto mnaochungulia dirishani, tokeni hapo mnaziba mwanga:

Asalaam aleikum.

KUKUPOKEA

Mgeni rasmi, sisi tulio wadogo kwako tunakuamkia: shikamoo. Tulio rika lako tunakuuliza hali, na hali ya miguu zaidi. Kutoka Visiga kwa lori mpaka mjini, kutoka mjini mpaka Kisarawe, na kutoka Kisarawe kuja kwetu Kibuta kwa mguu, si safari ya mama mtu mzima. Pole sana. Mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tumeanza kupona tangu jana, ulipokunywa uji wetu ukaomba kuongezwa.

Pengine unashangaa kusomewa risala. Hata sisi tulidhani risala ni ya Bwana Shauri, mkubwa wa serikali, peke yake, mpaka siku alipokuja kufungua zahanati tukasikia watoto wa shule wanamsomea. Maneno yalikuwa mazuri, na mgeni alikaa kimya mpaka mwisho. Tukasema, loo, kumbe ipo njia ya kumwambia mtu jambo asikukatize!

Anayekusomea ni Siwema binti Maneno, kwa kuwa kati yetu wanawake ni yeye aliyefika darasa la nne. Karatasi hii hajaiona kabla ya leo. Tulimwandikisha karani wa duka, kisha tukaificha. Siwema, soma kila neno. Shangazi yako Bi Mwanamkuu amekaa kulia kwako. Hajui kusoma, lakini risala yote ameihifadhi kichwani, na ukiruka atakurudisha mbele ya watu.

Mwanao Saburi hayupo hapa. Tumemtuma Kisarawe kufuata mafuta ya taa. Mafuta ya taa tunayo.

Tunajua ulichosikia huko Visiga. Uliambiwa mwanao ameiua injini ya watu kwa uzembe. Ukaambiwa tena, kwa sauti ya chini, kwamba amenaswa na mwanamke aliyeachika. Ndiyo maana umekuja, na kesho asubuhi unataka kuondoka naye. Hatukulaumu. Tunaomba tu, kabla hujafunga mzigo wake, usikie kwa waliokuwepo.

TULIKOTOKA

Zamani hapa ilikuwa mchi na kinu, na viganja vyetu unavijua, kwa sababu na vyako ni hivyo hivyo. Kisha Mzee Mwinyimadi akanunua injini ya shamba la mkonge lililofungwa, akaifungia mawe ya kusagia. Nyuma ya injini akaja fundi wake, Saburi, na kifurushi chake, na blanketi la sufu ulilompa.

Siwema alikuwa tayari yumo mashineni, anafagia na kuchekecha. Alikuwa amerudi kwao baada ya mume kuoa mwingine na kumrudisha na kitanda chake. Alikuwa haongei. Saburi akimwamkia asubuhi, yeye alijibu huku akiutazama ufagio. Mwenyewe alituambia baadaye kwamba hakuwa na kiburi, ila aliona aibu kuonekana na mtu yeyote anayemjali. Siwema, hapo hapo, usipunguze sauti.

MAFANIKIO

Mafanikio ni haya: unga ni laini, viganja vimepona, na siku moja Saburi alipojipaka grisi usoni bila kujua akaenda hivyo hivyo msikitini, Siwema alicheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu arudi. Bi Mwanamkuu alilia.

TABU YA MKANDA NA OILI

Katikati ya Shaabani mashine ikiwa inasaga, mkanda ukakatika. Mkanda ni ule ukanda mrefu wa ngozi unaotoka kwenye gurudumu la injini mpaka kwenye mawe. Ukikatika, injini inanguruma bure na unga unasimama. Huo uliokatika ulimpita Siwema karibu na sikio, ukachapa ukuta, udongo ukamwagika. Sasa sikiliza, Bi Mboni. Mwanao hakuikimbilia injini. Alimkimbilia Siwema, akamshika mabega, akamwuliza, "Umeumia?" Halafu akakumbuka kuwa tunamtazama, ndipo akaenda kuzima mashine.

Mkanda mwingine uliagizwa mjini, lakini mvua ilikuwa imekata barabara na Ramadhani imebisha hodi. Tukamwita Mzee Salumu, fundi wetu wa kuwamba ngoma. Akasema ngozi ni ngozi. Akaileta mbichi, akaishona, akaivuta kutoka gurudumu hadi gurudumu kama anavyovuta ngoma ya harusi. Ilipokauka ilikaza, na ukiigonga kwa kidole inalia. Tukapiga vigelegele, wengine tukacheza.

Saburi aliubonyeza ule mkanda akasema, "Mzee wangu, naona umekaza mno."

"Kijana," Mzee Salumu akamjibu, "ngoma isiyokazwa hailii."

Saburi akauacha mkanda ulivyo. Ulimlea asibishane na wazee, na kwa mara hii adabu yako ilituponza kidogo.

Haikupita muda oili ikaanza kuvuja. Saburi alidhani ule mkanda wa kwanza, ulipokatika, ulilipiga bomba la oili. Akakaza nati za mbele, akabadilisha gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia, akafuta, akawasha. Kukalowa tena pale pale mbele, na sakafu ikawa nyeusi. Alikonda, Bi Mboni. Akawa anafuturu kwa tende na maji, anarudi chini ya injini. Mzee Mwinyimadi, ambaye yupo hapa na halikatai neno hili, alisema, "Isipokauka naiuza chuma chakavu, na fundi arudi kwao." Neno hilo ndilo lililopanda lori likakufikia Visiga.

Siku hiyo Siwema alikuwa kisimani na shangazi yake. Alijaza ndoo, akaimwaga, akaijaza tena. Kisha akasema, "Akiondoka, shangazi, mimi mashineni sirudi. Nitatwanga." Shangazi akamwuliza, "Kwa ajili ya injini?" Siwema akajitwisha ndoo.

Siwema, tunajua. Tukasirikie baadaye. Endelea.

Kesho yake Saburi aliiosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa matambara mpaka ikang'aa. Akatutazama tuliopanga foleni, akasema, "Mama zangu, nani atanipa unga mweupe, mkavu?"

"Wa nini?"

"Niipake injini. Oili haidondoki inapotokea. Inapeperushwa, inatambaa, inajikusanya kwingine. Nikiipaka unga, pale itakapoanza kutoka patakuwa peusi kwanza."

Jamani, ilikuwa Ramadhani! Unga wa futari uwekwe kwenye chuma? Kila mmoja wetu aliuvuta ungo wake karibu. Siwema ndiye aliyesogea, akampa unga wa muhogo wa nyumbani kwao.

"Na Mzee Maneno atafuturu nini?" Saburi akauliza.

"Baba atakula viazi."

Na kweli alikula viazi, na mpaka leo hajaacha kutukumbusha.

Wakaipaka injini unga kila mahali, hata ikawa kama mtu aliyevaa kanzu ya Idi. Saburi akaiwasha bila mkanda. Yeye akachuchumaa upande huu, Siwema upande ule, wanaangalia. Hakuna kitu. Unga mweupe pe. Saburi akashika kiuno akasema, "Sasa imepona yenyewe?" Siwema akamjibu, na hayo ndiyo maneno marefu ya kwanza tuliyomsikia akimwambia mwanamume tangu aachike: "Haikuwa ikivuja kabla ya mkanda wa Mzee Salumu. Ufunge, tuone."

Akaufunga, akawasha. Mara, upande wa gurudumu la mkanda, pale mti wa chuma unaozunguka unapotokea nje ya injini, kikaonekana kidoa. Kidoa kikawa mstari, mstari ukatambaa chini ya tumbo la injini ukaenda mpaka mbele, kwenye zile nati alizokuwa akizikaza siku zote. Saburi akazima. Wote wawili wakanyoosha kidole pamoja, vidole vikakutana juu ya ule weusi, na hakuna aliyeharakisha kuondoa chake. Tuliona sote.

Basi siri ikawa hiyo. Mkanda uliokazwa kupita kiasi ulikuwa ukiuvuta ule mti wa chuma upande mmoja, shingo yake ikaliwa, ikaacha mwanya, oili ikapata mlango. Mzee Salumu alipoonyeshwa alicheka mpaka akakaa chini. "Kweli, ngoma ikilia sana hupasuka," akasema, na mwenyewe akaongeza kipande cha ngozi kuulegeza mkanda wake.

Ule mwanya ulitaka kuzibwa kwa kitu cha sufu. Hapa pana neno la kukuomba radhi kwa niaba ya mwanao. Lile blanketi lako lina pembe iliyokatwa. Alikata utepe, akauloweka oili, akauzungushia kwenye shingo ya ule mti. Alipokuwa akikata alisema, "Mama atanielewa." Siwema aliupinda ukingo uliobaki kwa sindano, usifumuke. Injini tangu siku hiyo ni kavu, na Mzee Mwinyimadi hataji tena chuma chakavu.

Kuhusu jambo la pili uliloambiwa: ni kweli Siwema aliachika. Hatufichi. Lakini hajamnasa mtu. Hajawahi kwenda kwa Saburi, wala Saburi kwake. Huonana mbele yetu, kwenye makelele ambayo hata "umeamkaje" lazima uipigie ukelele. Mapenzi ya hivyo, mama, hayana siri.

MAOMBI

Mgeni rasmi, mila zako na zetu ni moja. Mshenga hutoka kwa mwanamume. Sisi hatuposi, Mungu atuepushe na kuchekwa. Tunaomba haya tu.

Tunaomba usiondoke na Saburi kesho. Utepe wa blanketi ni wa kushikizia. Fundi lazima awepo mpaka kipuri cha injini kitoke mjini, na barabara ndiyo hii unayoijua.

Tunaomba pia utusamehe tukigusa lako. Tunajua tangu baba yake Saburi afariki unapika chungu kidogo, na bado chakula kinabaki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hatuwezi kukuambia umwache mwanao halafu wewe urudi kwenye nyumba tupu. Kwa Bi Mwanamkuu kuna chumba. Tumekikandika wiki hii, sakafu imekauka, na dirisha liko mbali na mashine. Kaa mpaka kipuri kije. Kikichelewa, kaa. Kikija, kaa vile vile.

La mwisho ni jepesi. Desturi ya risala ni kwamba msomaji akimaliza humkabidhi mgeni rasmi karatasi. Siwema atakuja hapo ulipoketi. Ukiipokea karatasi basi, tutashukuru, wali umeiva, tutakula pamoja, na hakuna atakayesema neno, si leo wala siku nyingine. Lakini ukiipokea ukaushika na mkono ulioileta, sisi hatutauliza maana yake. Tutapiga kigelegele, na Saburi atakisikia akiwa njiani na yale mafuta yake.

Mwenyezi Mungu akupe umri, akupe wajukuu, akurehemie uliowatanguliza. Amin.

Ni sisi,
Akina Mama wa Mashineni, Kibuta
Mfungo Mosi

Msomaji: Siwema binti Maneno.

Siwema, karatasi imekwisha. Futa macho, mwanetu, umpelekee.